Magunzi katika Chupa ya Chai

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kemuma alichemsha chai ya maziwa na sukari, akaimimina katika chupa na kuiweka karibu na kiti cha nyanya yake, Bathsheba. Kisha aliwarushia kuku mahindi na kushika njia peke yake. Mama yake alikuwa amepata kazi Nairobi, ndipo Kemuma akahamia kwa nyanya huko Suneka, katika shule ambayo kila mtu alikuwa na rafiki yake tangu chekechea.

Wakati wa mapumziko alisimama kando ya tangi la maji akijifanya anasoma. Hakuna aliyemchukia. Hawakumwona tu.

Mwalimu Ogoti, aliyefundisha sayansi, alipotangaza miradi ya maonyesho ya sayansi mjini Kisii, wanafunzi walijigawa katika vikundi. Kemuma akabaki peke yake. Alichagua magunzi ya mahindi.

"Magunzi?" Masese alicheka. "Kwetu hayo ni ya kuwasha moto. Wewe unataka kuyala?"

"Ndani yake mna sukari," Kemuma alisema kwa sauti ndogo. "Imefungwa tu."

Mwalimu alikuwa amemweleza kwamba nyuzi ngumu za gunzi huifumbata sukari kama ngumi. Mvuke mkali huilegeza ngumi hiyo. Baadaye vimeng'enya, mfano wa vile vinavyosaga chakula tumboni, hupata pa kuingia na kuikata sukari ikawa huru.

Kemuma aliyaponda magunzi, akayapika kwa mvuke katika sufuria ya presha ya shule, mwalimu akisimamia. Alipewa unga wa vimeng'enya auchanganye nyumbani, mchanganyiko ukae katika uvuguvugu hadi asubuhi. Kwa nyanya, chombo cha kutunza joto kilikuwa kimoja: chupa ya chai. Mtungi wa maji ulikuwa mtupu na kisima kilikuwa mbali. Kemuma alimwaga chai iliyobaki, akatia magunzi yake bila kuiosha chupa.

Asubuhi alikamulia maji ya magunzi katika mtungi mdogo na kuyapeleka shuleni. Darasani, mwalimu aliyatia dawa ya buluu ya kupimia sukari, akayapasha moto. Buluu ikageuka rangi ya chungwa.

"Wueh!" Masese alipaza sauti. "Kemuma amekamua sukari kwenye kuni!"

Mchana Lavender, ambaye kila mtu alitaka kuwa rafiki yake, alimsogezea nafasi kwenye benchi. "Keti hapa. Wewe ndiye utakayetuwakilisha Kisii." Kemuma alikula githeri katikati ya watu, mabega yakigusana. Alitamani kengele isilie.

Jioni nyanya alionja chai, akakunja uso.

"Kemuma, mama, mbona chai yangu inanuka magunzi?"

"Pole, nyanya. Niliyaweka kwenye chupa, lakini asubuhi nilichota maji nikaiosha."

"Umeiosha, na harufu bado imo!"

Kemuma aliichukua chupa, akainusa. Ikiwa chupa iliyooshwa ilikuwa na harufu ya magunzi, basi chupa isiyooshwa iliyapa magunzi yake nini?

Siku iliyofuata aliketi tena na kina Lavender. Walicheka, naye akacheka, lakini alijiona yuko mbali nao kuliko siku zote alizosimama peke yake. Walikuwa wamemkaribisha mtu mwingine, yule aliyeleta rangi ya chungwa, si yeye. Aliinuka kabla ya kumaliza chakula, akamtafuta mwalimu.

"Mwalimu, ile rangi huenda ni ya chai. Sikuosha chupa."

Mwalimu Ogoti alivuta pumzi. "Chai ya maziwa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Maziwa yana sukari yake, na dawa ile huiona. Basi hatujui tulichopima. Itabidi uwaambie wenzako."

Aliwaambia. Masese alipiga meza. "Kumbe tulishangilia chai!" Darasa zima likacheka. Mchana ule benchi lilijaa, na hakuna aliyesogea.

Baada ya masomo Kemuma alianza upya, peke yake. Alitumia mitungi miwili iliyooshwa vizuri: mmoja wa magunzi yaliyopikwa kwa mvuke, mwingine wa magunzi mabichi, yote miwili ikiwa na vimeng'enya. Alikuwa akiifunika kwa blanketi kuukuu lililotiwa chupa za maji moto, Lavender alipochungulia mlangoni.

"Nikushikie?"

"Wengine watakucheka."

"Wacheke. Mimi nisingeweza kusema vile mbele ya Masese."

Kesho yake, mwalimu alipotia dawa na kupasha moto, maji ya magunzi mabichi yalibaki buluu. Yale ya magunzi ya mvuke yaligeuka kijani, kisha manjano hafifu. Hapakuwa na makofi.

"Ni kidogo tu," Kemuma alisema.

"Ni kidogo, na ni cha kweli," Mwalimu Ogoti alijibu. "Utaenda Kisii na hiki. Mwanangu, ukweli unaweza kukuacha peke yako kwa siku kadhaa, na siku hizo ni ngumu, sitakudanganya. Lakini atakayekuja kwako baada ya hapo atakuwa amekuja kwako wewe mwenyewe."