Mzigo Usiogawanyika

Honi ya kupisha ilipolia, nyumba za Kibangu zilianza kurudi nyuma.

Zilirudi polepole, zote kwa pamoja, za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto, kama watu waliokutana na msafara wa mkubwa wakaona bora wasimame kwenye majani. Nguzo za taa zililala chini kwanza. Vibao vya alama vikajikunja. Kisha miguu ya chuma iliyofichwa chini ya kila nyumba ikanyooka, ikabeba kuta, mapaa, madirisha na hata mikebe ya mirihani iliyokuwa barazani, ikavisogeza vyote nyuma juu ya reli. Barabara iliyokuwa ya magari mawili kupishana ikawa uwanja. Na lami yenyewe, ile waliyoiita lami-hai, ikaanza kujikaza, maana ilikwisha kuhisi uzito unaokuja ungali mbali, kama mtu anavyokaza shingo akijua atatwishwa ndoo.

Hivyo ndivyo njia kuu ya kutoka bandarini kwenda bara ilivyotengenezwa miaka hiyo. Zamani mzigo ukiwa mpana kuliko barabara, mzigo ndio uliotafutiwa dawa. Sasa barabara na watu wake ndio waliofundishwa adabu.

Mzigo ulibebwa na gari lisilo na dereva, refu kuliko msikiti na soko ukiviweka pamoja, lenye mamia ya magurudumu yaliyokwenda kila moja kwa akili yake. Shirika la Njia Nzito lililipa jina la Kichukuzi cha Daraja la Juu. Watu wa Kibangu walilitazama mara moja tu wakaliita Jongoo. Siku hiyo Jongoo alikuwa amebeba tumbo la chombo cha anga, pipa la chuma lililovikwa turubai la kijivu, likipelekwa kwenye uwanja wa kurushia vyombo huko nyanda za kati.

Jongoo alifika mwanzo wa mji, akasimama. Nyumba moja, iliyo mbele yake kabisa, haikusogea.

Ilikuwa nyumba ndogo ya mlango wa buluu, imebaki peke yake katikati ya uwanja ule mpya kama jino la mwisho mdomoni. Sauti ya kike, tulivu, ilitoka chini ya paa lake:

"Mtu mmoja yumo ndani. Sisogei."

Mhandisi Saumu Mbelwa aliisikia akiwa kwenye gari la kuongoza msafara, na kwanza alifurahi. Kazi yake ile! Yeye ndiye aliyebuni sakafu-mizani, sakafu inayompima kila aliye ndani ya nyumba, ikatambua moyo unaodunda na kuutofautisha na meza au gunia la mchele. Kanuni aliiandika yeye mwenyewe: nyumba haisogei mtu akiwamo, kila mtu atoke nje kwanza, kwa usalama wake. Tangu njia ifunguliwe hakuna hata mtoto aliyeminywa kidole.

Bangili ya simu mkononi mwake ikaita. Alikuwa Bwana Lubuva, mkuu wa usafirishaji, kutoka ofisini kwake bandarini.

"Mhandisi, Jongoo amesimama. Kwa nini?"

"Kuna mtu hajatoka, bwana mkuu."

"Mtoe. Chombo kinasubiriwa."

Saumu alishuka. Jua lilikuwa la saa saba, lile linalochoma utosi. Pande zote mbili za njia, mahali nyumba zilipokuwa, vilibaki viwanja vitupu vya saruji, na juu ya kila kiwanja watu walikuwa wamekaa wakisubiri: wengine kwenye viti vya plastiki, wengine juu ya ndoo, mama mmoja ananyonyesha chini ya mwavuli, mzee mmoja amejifunika taulo lililoloweshwa maji. Yeye siku zote aliyaona haya kutoka kwenye mnara wa kuongozea njia, na kutoka kule juu watu walikuwa vitone tu vya kijani kwenye kioo. Kijani maana yake salama.

"Wewe ndiye fundi wa hizi nyumba zinazokimbia?" alimuuliza mwanamke mmoja mnene, mwiko bado mkononi. Jina lake Mama Chausiku, jirani wa ile nyumba ya buluu.

"Ndiyo, mama."

"Basi wali wangu umeondoka nao. Tumeambiwa tuzime moto, tumezima. Huyo mdudu wenu akija tunakula wali nusu mbichi, na kuja kwake hakuishi. Watoto wangu matumbo yamekuwa ngoma."

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha raha.

"Na huyu wa nyumba ya buluu, mbona hatoki?"

Kicheko kikakatika. Mama Chausiku alimtazama Saumu kuanzia kofia ngumu hadi viatu. "Nenda kamuulize mwenyewe," alisema. "Jina lake Bi Mwajabu. Na uvae uso wa haya kabla hujabisha hodi."

Saumu alibisha hodi.

"Karibu," sauti ilijibu. "Viatu acha hapo nje. Sakafu najua ni yako, lakini mkeka ni wangu."

Ndani kulikuwa na giza la ubaridi, pazia moja tu limefunguliwa. Bi Mwajabu alikaa chini kwenye mkeka, nguo nyeupe isiyo na urembo wala manukato, tasbihi mkononi. Mwembamba mno. Saumu, kwa mazoea ya kazi, alimkadiria kilo arobaini na tano, haizidi.

"Watu wawili wamo ndani," ilisema nyumba. "Sisogei."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekuja kunitoa?"

"Nimekuja kukuomba, Bibi. Ni muda mfupi tu. Gari likipita utarudi."

"Mimi niko edani," alisema Bi Mwajabu. "Mwezi wa pili huu. Nimekaa katika nyumba ya mume wangu, na sitoki mpaka siku zangu zitimie. Hilo hukuambiwa?"

Saumu alikuwa amelelewa katika hayo hayo na alijua eda ni nini. Lakini Jongoo alikuwa akinguruma nje, na yeye akatafuta mlango wa kutokea. "Bibi, hata mwenye eda hutoka kukiwa na dharura."

"Hutoka. Dharura ya nani lakini? Yangu, au ya Jongoo?"

Saumu alikaa kwenye mkeka.

"Nina jambo la kukuuliza wewe msomi," aliendelea bibi, sauti haikupanda. "Mume wangu, Mzee Athumani, aliumwa kifua. Kitanda kilikuwa pale, chini ya dirisha. Zahanati si mbali, iko ng'ambo ya barabara, ukisimama barazani unaiona. Tulikuwa tunajiandaa kumvusha. Honi ikalia. Nyumba ikasema, watu wawili wamo ndani, sisogei. Wakaja vijana wenye fulana zenu, wakasema kanuni, kila mtu nje. Wakambeba mume wangu na godoro lake wakamweka pale nje, juu ya saruji. Nyumba ikaondoka. Kitanda kikaondoka, maji yake ya kunywa yakaondoka, kivuli kikaondoka. Na barabara kukatisha hairuhusiwi mpaka mkia wa Jongoo upite. Unajua mkia huo hupita kwa muda gani?"

Saumu alijua. Yeye ndiye aliyepanga mwendo wake. Ulikuwa mwendo wa mtu mzima anayetembea huku akiongea na mwenzake, ili lami ipate nafasi ya kujikaza na kulegea.

"Nilimshikia kanga juu ya uso asiungue na jua," alisema Bi Mwajabu. "Tukiiona zahanati kupitia katikati ya magurudumu. Nesi naye yuko kule, anatupungia mkono, hana la kufanya. Jongoo alipomaliza kupita, nyumba ikarudi yenyewe, taratibu, ikasimama palepale ilipokuwa. Yeye hakurudi. Amefia kwenye kiwanja kitupu mtu yule, na nyumba aliijenga kwa mikono yake. Sasa nambie mwanangu, hiyo kanuni ya kutoa watu nje, mliiandika kwa usalama wa nani?"

Saumu alikumbuka taarifa ya siku ile kwenye kioo cha mnara. Vitone vyote vilikuwa vya kijani. Vyote! Sakafu-mizani haikuwa na habari na mtu akishatoka nje ya nyumba.

Bangili ikaita tena. Aliwahi kuizima lakini sauti ya Bwana Lubuva ilikwisha kuingia ndani ya chumba.

"Mhandisi, nimeelezwa ni kikongwe mmoja mbishi. Usihangaike naye. Ingia kwenye mtambo wa sakafu, mwandike kuwa kabati."

"Kuwa nini?"

"Kabati! Samani! Sakafu ikiambiwa hicho ni kitu, nyumba itasogea naye humo humo. Atatikiswa kidogo, basi. Kilo arobaini zitazuia tani mia moja?"

Bi Mwajabu alivuta tasbihi punje moja. "Umeitwa, mwanangu," alisema. "Haya, niandike. Kabati la milango mingapi?"

Saumu aliona haya. Hakuweza kumtazama yule mama, akageukia dirishani. Na kwa kuwa alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, macho yake yalitazama nje kutokea chini, mahali ambapo hajapata kuutazama mzigo wowote maisha yake. Mnarani mizigo huonekana kwa juu, turubai tupu. Kutoka mkekani aliona chini ya pindo la turubai, tumboni mwa lile pipa.

Kulikuwa na mshono. Ukanda wa chuma ulizunguka pipa zima, na juu ya ukanda huo vichwa vya bolti, kimoja baada ya kingine, vinang'aa grisi mpya. Mbele kidogo, ukanda mwingine. Na mwingine.

Aliinuka bila kuaga, akatoka pekupeku, saruji inamchoma nyayo. Aliinama chini ya Jongoo, akainua turubai, akashika bolti moja kwa mkono wake. Grisi ikambaki kidoleni.

Njia ile ilikuwa na kanuni moja iliyozitangulia zote, hata zile zake: hakuna nyumba itakayosogezwa ila kwa mzigo usiogawanyika. Kwa kanuni hiyo ndipo watu wa Kibangu walipokubali nyumba zao zitiwe miguu. Waliambiwa kuna vitu haviwezi kukatwa, ni kwa faida ya nchi, vumilieni. Na kila mzigo ulipokuja, shirika lilitangaza kwamba huu haugawanyiki, na Saumu akaupitisha.

Aliwasha bangili. "Bwana mkuu, huu mzigo una bolti."

"Una bolti, ndiyo. Kila kitu kina bolti, Mhandisi."

"Unafunguka vipande vitano. Kila kipande kinatosha kwenye lori la kawaida. Mmetangaza kwamba haugawanyiki."

"Ukigawanywa ni lazima uunganishwe tena huko bara, na mafundi wako bandarini. Ni kuchelewa wiki tatu. Nani atasubiri wiki tatu?"

"Hawa wamesubiri juani!" Saumu alipiga kelele mpaka watu kwenye viwanja wakasimama. "Mama wa watu anashika kanga juu ya uso wa mgonjwa, nyie mnaona uvivu kufungua bolti! Mnahamisha mji mzima kila mara, mnazima moto wa watu, mnawatoa wagonjwa vitandani, kwa sababu spana ni nzito?"

"Punguza sauti. Kumbuka unaongea na nani."

"Nakumbuka. Na wewe kumbuka njia hii inasikia sauti ya nani." Akaigeukia barabara, akasema polepole kwa lugha ya amri ambayo lami ilifundishwa kuitambua kutoka kwake: "Njia, huyu ni Mbelwa. Mzigo huu unagawanyika. Kibali kimefutwa. Rudi."

Lami ikatoa mvumo mrefu chini kwa chini, ikalegea. Magurudumu ya Jongoo yalizama kidogo, yakakwama palepale. Nguzo za taa zikainuka. Na nyumba za Kibangu, moja moja, zikaanza kurudi mahali pake.

"Umejifukuza kazi kwa mdomo wako mwenyewe," alisema Bwana Lubuva.

"Leteni spana," alisema Saumu, akaivua bangili akaitia mfukoni.

Mama Chausiku alipita akikimbilia jiko lake, akipunga mwiko hewani. "Fundi! Leo utakula kwangu! Wali utaiva leo!"

Saumu alirudi kwenye mlango wa buluu. Safari hii alikuwa amekwisha vua viatu. Alimweleza Bi Mwajabu yote: zile bolti, kanuni iliyovunjwa, mafundi watakavyokuja kuugawa mzigo hapohapo mwanzo wa mji, na kwamba hakuna mtu atakayemtoa edani. Alieleza haraka haraka, kwa furaha kidogo, kama mtoto aliyeleta alama nzuri kutoka shule.

Bi Mwajabu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakutabasamu.

"Na ule wa siku ya mume wangu?"

"Bibi?"

"Mzigo wa siku ile. Ulifunikwa turubai la kijivu kama hili. Ule nao ulikuwa na bolti?"

Saumu alijua kilichopita siku ile. Lilikuwa tumbo jingine la chombo hicho hicho, pacha wa hili.

"Ulikuwa nazo, Bibi."

"Ungefunguka."

"Ungefunguka. Na mimi ndiye niliyeupitisha."

Tasbihi ilisimama. Nje vyombo vililia, mtoto akacheka, harufu ya kitunguu ikaanza kupita. Bi Mwajabu alikitazama kile kidole cha Saumu kilichobaki na grisi, akakitazama sana.

"Mimi siruhusiwi kutoka," alisema. "Wewe unaruhusiwa. Simama hapo barazani kwa mume wangu, uyaseme hayo hayo uliyonambia mimi. Kwa sauti. Na hilo la mwisho usiliruke."

Saumu akatoka barazani. Watu walimwona, wakaacha walichokuwa wakifanya, Mama Chausiku akachungulia dirishani na mwiko wake. Saumu akavuta pumzi.

Nyuma yake nyumba ilimpima aliyetoka na aliyebaki, ikasema kwa sauti yake ile tulivu:

"Mtu mmoja yumo ndani. Sisogei."