Propela Iliyobaki Stoo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asmahani alijaza maji kwenye ndoo, akachukua kitambaa na kwenda kufuta gari la baba yake. Kazi hiyo haikuwa na mwisho. Mji wa Kasulu kiangazi ni vumbi jekundu, masika ni tope jekundu, na mwenye gari la kung'aa ana kazi ya kudumu. Lakini Asmahani hakulalamika hata siku moja. Alilipenda gari lile kupita kiasi.

Lilikuwa gari dogo la rangi ya fedha. Halikuwa kubwa kama magari ya mashirika yanayokwenda kambi za wakimbizi, wala halikukaa chini kama teksi za mjini. Liliinuka vya kutosha kupita juu ya mawe, na nyuma lilikuwa na nafasi ya kutosha marobota ya vitenge. Siku za kawaida lilimpeleka baba dukani na msikitini. Siku za mnada lilikwenda naye mpaka Kibondo na kurudi. Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na maandishi yaliyosema kwamba magurudumu yake yote manne yanavuta. Gari la namna hiyo watu huliita fo-wili. Asmahani aliyafuta maandishi hayo kwanza, kisha ndipo akafuta vioo.

Baba yake, Mzee Badru, alikuwa muuza vitenge aliyekuja kutoka Tanga zamani akaoa na kukaa. Alikuwa mtu mkarimu, mcheshi, mwenye majivuno kidogo. Tuseme ukweli: hayakuwa kidogo. Akikutana na mtu hamalizi salamu kabla hajalisifu gari lake.

Na mtoto wa nyoka ni nyoka. Asmahani naye shuleni hakuwa na hadithi nyingine. Rafiki yake aliyekaa naye dawati moja darasa la sita aliitwa Winifrida. Wazazi wa Winifrida walikuwa wakulima wa maharage na mihogo katika kijiji kilichoko bondeni, ng'ambo ya mlima Nyamuganza. Babu zao walitoka Burundi, nao sasa ni raia. Siku za shule Winifrida alikaa mjini kwa mjomba wake, Evaristi, ambaye naye alikuwa na fo-wili, ila kuukuu, ya kijani iliyopauka, yenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba.

"Letu linakunywa mafuta kidogo," Asmahani alisema siku moja wakati wa mapumziko. "La mjomba wako linakunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni."

"Linakunywa, lakini halijawahi kulala njiani," Winifrida alijibu. "Mjomba hubadilisha tairi kabla ya masika. Anasema tairi ikiisha kashata, yale meno yake ya kushika tope, hata fo-wili ni bure."

"Hilo kopo! Likipiga honi mbuzi wanacheka."

Wanafunzi waliokuwa karibu waliangua kicheko. Winifrida naye alicheka, maana walizoea kutaniana. "Haya, cheka," alisema. "Siku ya tope tutajuana."

"Letu linapanda hata ukuta!" Asmahani alijigamba.

Sasa, mtoto huyu aliposema hivyo alijua kwamba anasema uongo. Kiangazi kilipoanza, fundi mmoja wa gereji alimshauri Mzee Badru aitoe propela. Propela ni kile chuma kirefu kinachopita chini ya gari na kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Ukikitoa, gari linavuta kwa magurudumu ya mbele tu na linakunywa mafuta kidogo. Wengi hufanya hivyo. Barabara ikiwa kavu hakuna atakayegundua.

Mzee Badru akaitoa. Chuma kile kikafungwa kwenye gunia na kulazwa stoo, nyuma ya madumu ya mawese. "Mvua zikianza kitarudi mahali pake," alimwambia mke wake, Bi Mwajabu. Kisha akamgeukia Asmahani. "Na wewe, mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Sitaki kusikia mtaani kwamba gari la Badru limekatwa miguu."

Mvua zikaanza. Duka likawa na wateja, fundi akasafiri, leo ikawa kesho na kesho ikawa wiki ijayo. Bi Mwajabu alikumbusha mpaka akachoka. "Baba Asma, lile lichuma litaota kutu." Naye alijibu, "Si nimesema? Wiki ijayo." Maandishi ya mlango wa nyuma yaliendelea kung'aa kama kawaida.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mvua kubwa imetoka kunyesha na nyingine inajikusanya, Evaristi alipoingia uani kwa Mzee Badru akikimbia. Nyuma yake alikuwa Winifrida, viatu mkononi, miguu imejaa tope mpaka magotini.

"Mzee Badru, nisaidie," Evaristi alisema huku akihema. "Dada yangu Aline, mama yake huyu mtoto, ameshikwa na uchungu tangu asubuhi. Nesi wa zahanati amepiga simu. Mtoto amekaa vibaya tumboni, anasema tumkimbize hospitali ya Kabanga sasa hivi. Gari la wagonjwa limekwenda na mgonjwa mwingine."

"Pole sana, ndugu yangu. Sasa gari lako?"

"Langu lipo, lakini ni zee. Naogopa lisije likazima na mgonjwa ndani. Lako ni jipya. Tena linavuta kote, au siyo? Mlima Nyamuganza leo unahitaji fo-wili ya kweli. Kama kuna shida yoyote niambie tu, niende na langu."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Mtu mwenyewe ameufungua, kilichobaki ni kupita. Lakini majirani walikuwa wamekwisha kusogea kusikiliza, na majivuno yakishamkaba mtu koo hayamwachii aseme. "Evaristi, wewe hulijui gari hili?" Mzee Badru alisema akicheka kicheko kikavu. "Twende!"

Winifrida alimshika Asmahani mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Asma, ulisema linapanda hata ukuta. Ni kweli?"

Asmahani alimtazama baba yake. Baba naye alimtazama, mara moja tu. Asmahani alikumbuka alivyolelewa: mtoto hamvui baba yake nguo mbele ya wageni. Angeweza kumvuta baba kanzu na kumnong'oneza. Angeweza kumkimbilia mama jikoni. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Kweli," alisema.

Wakaondoka: Mzee Badru kwenye usukani, Evaristi pembeni yake, Bi Mwajabu na watoto wawili nyuma. Bi Mwajabu alikuwa jikoni wakati wa maneno yale, akaitwa tu achukue kanga aje amsaidie mzazi. Alipofahamu kwamba wanapita Nyamuganza, alifungua mdomo, akamwangalia mumewe kisogoni, akaufunga. Siri ile sasa ilikuwa na watu watatu ndani ya gari moja, na kila mmoja alimwachia mwenzake aiseme.

Upande wa mjini mlima una mwinuko mdogo wenye changarawe, wakaupanda bila taabu, na kuteremka upande wa bondeni nako hakukuwa na shida. Gari liliserereka kidogo kwenye kona, lakini mteremko haukuhitaji nguvu. Walifika kijijini, wakamkuta Aline amelala mkekani, uso umejaa jasho, mama yake mzazi, Bibi Ndayikunda, akimpepea. Wakambeba na kumlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa Bi Mwajabu. Bibi akajibana miguuni. Watoto wakakaa nyuma kabisa, penye nafasi ya marobota. Mvua ya pili ikaanza.

Walipofika katikati ya mlima gari likaanza kulia. Magurudumu ya mbele yalizunguka kwa kasi yakitupa tope juu ya kioo, na gari halikusogea. Mzee Badru akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena. Likapanda hatua chache, likateleza kando, likakaa kwenye mfereji.

"Sukumeni!" aliita.

Evaristi aliteremka, watoto wakamfuata. Wakasukuma mpaka tope likawaingia mdomoni. Mara Evaristi akaacha kusukuma. Alikuwa akilitazama gurudumu la nyuma. Injini ilikuwa ikinguruma kwa nguvu zote, lakini gurudumu lile lilitulia tuli kama gari limezimwa. Akapiga magoti kwenye tope, akachungulia chini ya gari.

Alipoinuka, sauti yake ilikuwa ndogo. "Badru. Propela iko wapi?"

Mzee Badru aliondoa mguu kwenye mafuta, akazima injini.

"Nakuuliza, propela ya gari iko wapi?"

"Stoo," alisema Asmahani, na machozi yakamtoka. "Iko stoo."

Winifrida aligeuka akamwangalia. Hakumtukana, hakumpiga. Alimwangalia tu, na Asmahani angependa kupigwa kuliko kuangaliwa vile.

"Mawe! Mwanangu atafia njiani!" Bibi Ndayikunda alilia kutoka ndani ya gari, akimwita mama yake kwa Kirundi.

Evaristi alipanda mlima kwa miguu mpaka mahali simu iliposhika, akampigia kijana wake wa kazi, Fidele, alete lile gari kuukuu. Wakangoja. Hakuna kungoja kubaya kama kule. Aline alipiga kelele, kisha akaacha kupiga kelele, na huko kuacha ndiko kulikowatisha zaidi. Mzee Badru alisimama kwenye mvua, kanzu imemganda mwilini, akikata matawi na kuyatupa chini ya tairi, ingawa kila mtu aliona kwamba hayasaidii kitu. Bi Mwajabu alimfuta Aline uso na kurudia maneno yaleyale, "Vumilia mama, vumilia." Hakuthubutu kumwangalia machoni.

Lile kopo lilikuja. Liliteremka polepole, mlango wa kamba ukigongagonga, likageuzwa, wakamhamishia mgonjwa. Kisha likapanda. Magurudumu yote manne yaliuma tope, yakapanda bila haraka, bila kusimama, mpaka likapotea juu ya kona. Hakuna aliyecheka.

Walifika Kabanga giza linaingia. Waganga walimpokea Aline mbio wakampeleka chumba cha upasuaji. Walimwokoa yeye. Mtoto wa kiume waliyemtoa tumboni alikuwa mzima wa viungo vyote, mnene, mwenye nywele nyingi, na hakuwa akipumua. Daktari alimwambia Evaristi kwamba mtoto alichoka kungoja.

Wakamzika kijijini. Mzee Badru alikwenda msibani kwa miguu. Alipoingia, baadhi ya majirani waligeuza viti. Alisimama mbele yao wote akasema kwa sauti iliyokatikakatika, "Evaristi aliniuliza kama kuna shida. Ilikuwepo. Niliona aibu kusema. Aibu ile ndiyo iliyotufikisha hapa. Sina la kujitetea."

Evaristi alimwonyesha mahali pa kukaa, kwa sababu msibani mtu hafukuzwi. Hakumpa mkono.

Kesho yake propela ilirudishwa mahali pake na tairi zilizokwisha zikabadilishwa. Tangu siku hiyo, mtu akija kuomba gari, Mzee Badru huanza kwa kumwambia ubovu wake. Lilikuwa jambo jema, lakini lilikuja baada ya kaburi.

Shuleni Winifrida alirudi baada ya wiki, akaomba abadilishiwe dawati. Asmahani alishindwa kula, akashindwa kusoma. Mwisho Bi Mwajabu alimwambia, "Hata mimi nilinyamaza, mwanangu. Twende tukaombe radhi, kila mtu kwa kinywa chake." Wakaenda.

Walimkuta Aline ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake akichambua maharage. Alikuwa amekonda. "Shikamoo, mama," Asmahani alisema na kupiga magoti.

"Marahaba."

"Mama, Winifrida aliniuliza kama gari linapanda. Nilijua halipandi. Nikasema kweli. Naomba unisamehe." Alisema na kulia kwa kwikwi.

Aline aliweka ungo chini. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani, pande zote mbili. Aliona jinsi mtoto anavyopatazama.

"Ni maziwa," alisema. "Yanakuja kila siku, na hakuna wa kunyonya."

Bi Mwajabu alijifunika uso kwa kanga.

"Nimekusamehe," Aline aliendelea. "Wewe ni mtoto, na waliokutangulia kunyamaza ni watu wazima. Lakini nisikilize vizuri. Umefundishwa kumheshimu baba yako, na ni vema. Ila heshima siyo kumfunikia mtu jambo litakalomdhuru mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii kifo hakikumchukua aliyeficha. Siku nyingine ukijua jambo la hatari, liseme. Lisemee pembeni, liseme kwa adabu, liseme hata kwa kunong'ona, lakini liseme kabla watu hawajapanda gari."

"Nimesikia, mama."

"Winifrida yuko shambani. Usimfuate. Akiwa tayari kuzungumza nawe, atakuja mwenyewe."

"Na asipokuja?"

Aline alichukua ungo wake akaendelea kuchambua maharage. "Basi utaendelea kusema kweli hata hivyo," alisema.