Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Kila Jumanne na Ijumaa alfajiri, Riungu hupakia ndizi kwenye pikapu yake na kuzipeleka sokoni Mikinduri. Mke wake, Celina, hukaa kando yake akiwa na kikapu cha mayai mapajani. Pikapu yenyewe ni kuukuu. Riungu aliinunua kwa mtu wa Embu. Siku hiyo alipiga tairi teke, akafungua boneti, akatikisa kichwa kama anayejua. Hakujua chochote.

Gari lilikuwa na mambo. Kioo cha upande mmoja kilikuwa cha lori. Mlango wa abiria ulifungwa kwa komeo la mlango wa nyumba. Na chini ya dashibodi zilining'inia waya za kila rangi.

"Na hizi ni za nini?" Celina aliuliza siku ya kwanza.

"Muuzaji alisema niachane nazo."

"Kwani hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Ndiyo akasema niachane nazo."

Riungu hakuachana nazo. Jumapili moja alichukua kisu cha jikoni, akakata waya mwekundu alioona hauna maana. Tangu hapo honi ikawa inalia kila akikanyaga breki. Alipofika kanisani, mahubiri yalisimama na watu wote wakageuka. Aliuunga waya ule kwa plasta ya kidonda. Kisha akaapa kwamba hatatazama tena chini ya dashibodi maisha yake yote.

Kwa ndizi, gari lilikuwa zuri. Shida ilikuwa mama mkwe.

Ciakuthii, mamake Celina, alikuwa mwanamke mrefu sana. Kuingia jikoni kwake ilibidi ainame. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe. Alikuwa ameanza kumsalimia ndama akidhani ni mjukuu wake, Gacheri. Daktari wa Meru mjini alisema akimpasua ataona tena. Kilichobaki ni kufika kwa daktari.

Sasa, Riungu alimheshimu mkwe wake kupita kiasi. Hakuwahi kula mbele yake. Hakumtazama usoni. Siku ya kwenda kwa daktari, ndani ya gari, Celina alikaa katikati yao kama ukuta, na mama akakaa dirishani. Walipoingia kwenye shimo, injini ilizima. Mama akashuka ili gari lisukumwe, nalo likawaka mara moja. Mama akapanda. Shimo lililofuata, likazima tena. Wakaenda hivyo hadi Meru. Walipofika hospitalini, daktari alikuwa amekwisha kuondoka. Wakapewa siku nyingine, mwezi uliofuata.

"Hii gari imenikataa," Ciakuthii alisema. "Inajua mimi ni mzigo."

"Hapana, mama," Riungu alijibu, akiuambia usukani. Maneno yale yalimchoma moyo.

Alipeleka gari kwa fundi wa sokoni.

"Inazima wakati gani?" fundi aliuliza.

"Ikitaka tu."

Angesema nini? Kwamba gari huzima akipanda mkwe wake? Fundi alibadilisha plagi, akamwambia aende. Gari likabeba ndizi wiki nzima bila hata kukohoa.

Siku ya hospitali ikafika. Wakapita salama hadi Nchiru, karibu na hosteli za wanafunzi. Hapo palikuwa na shimo. Gari likazima.

"Daktari amesema tukikosa leo, nafasi ya mama inapewa mtu mwingine," Celina alisema.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda chenye kibao: KATHAMBI, FUNDI WA WAYA ZA GARI. Mwanamke mwenye ovaroli ya buluu akaja akipangusa mikono. Sauti yake ilisikika kabla hajafika.

"Inazima wakati gani?"

"Ikitaka tu," Riungu alisema.

"Wee mzee, gari haina kutaka. Nani alikuwa ndani?"

"Abiria."

"Abiria gani?"

Riungu akatazama viatu vyake. Celina akakosa subira.

"Inazima mama akiwa ndani! Akishuka, inawaka. Haya, sasa umesikia."

Riungu alitamani ardhi ipasuke immeze. Ciakuthii, aliyekuwa ameshuka, alisimama kando ya barabara.

"Mama, hebu panda ukae vile huwa unakaa," Kathambi alisema.

Ciakuthii akapanda. Goti lake refu likaingia chini ya dashibodi. Tik!

"Mmesikia hiyo?" Kathambi akaingiza kichwa chini, akavuta kitambaa cheusi. Nyuma yake palikuwa na swichi ndogo ya kubonyeza. "Washa."

Riungu akajaribu. Kimya. Kathambi akabonyeza swichi.

"Washa sasa."

Injini ikanguruma. Celina akapiga makofi.

"Gari haijakukataa, mama," Kathambi alisema. "Ni goti. Mwenye gari wa kwanza aliogopa wezi. Aliweka swichi ya siri ya kukata umeme wa injini. Ukiibonyeza inazima, ukiibonyeza tena inawaka. Binti yako ni mfupi, haifikii. Wewe unaigonga kwenye shimo, halafu ukishuka unaigonga tena."

"Kwa hivyo niukate huo waya?" Riungu aliuliza.

"Usikate waya usioujua!" Kathambi aliiona plasta ya kidonda, akafumba macho kidogo. "Ukinunua gari kuukuu, nenda na fundi. Kila kitu kilichoongezwa, uliza kinafanya nini. Ona huu waya umechubuka, na hauna fyuzi ya kukata umeme ukizidi. Unaweza kuwasha moto mkiwa ndani. Na ukienda kwa fundi, mwambie yote. Hata kama ni aibu. Mimi nitajuaje ukinificha?"

Alifunga mahali palipochubuka kwa utepe wa umeme. "Sasa kimbieni hospitali. Mama, goti upande wa mlango. Mkirudi mpitie hapa niihamishe swichi na kuweka fyuzi."

Walifika kwa wakati. Ciakuthii alipasuliwa jicho moja, na asubuhi iliyofuata bandeji ikatolewa. Alitazama ukuta. Alimtazama Celina. "Umekonda," alisema, huku machozi yakimtoka. Kisha akamgeukia Riungu. "Kumbe una mvi!"

Safari ya kurudi ilikuwa tulivu. Riungu alikuwa na haraka, kwa maana ndizi zilikuwa zinaiva nyumbani.

"Kwa fundi tutapita wiki ijayo," alimwambia Celina.

"Baba Gacheri, ule waya," Ciakuthii alisema. "Fundi alisema moto."

Riungu aliinamisha kichwa kwa heshima na kuendelea kuendesha. Wakapanda mlima wa Nchiru polepole.

"Baba Gacheri, kibao kile pale."

Riungu akainamisha kichwa tena.

Tik!

Gari likazima mbele ya kibanda cha Kathambi. Kisha Riungu akamgeukia mkwe wake, akamtazama usoni.

"Mama, si ungesema tu?"

"Nimesema mara mbili. Wewe heshima imekuziba masikio."

Celina ndiye aliyeanza kucheka. Riungu alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi akaegemea usukani, na honi ikalia.

Kathambi aliihamisha swichi, akaweka fyuzi na kuunga vizuri ule waya wa plasta. Aliwaonyesha wote watatu mahali swichi ilipo sasa. Tangu siku hiyo Ciakuthii hukaa na magoti yake anavyotaka, na injini haizimi.

Wakati kazi ile ikiendelea, mama alinunua mahindi matatu ya kuchoma. Riungu alilishika lake, akasita. Halafu akala mbele ya mkwe wake, kwa mara ya kwanza tangu aoe. Ciakuthii alimtazama kwa jicho lake jipya, akamwambia apanguse kidevu.