Uso Mmoja Ukutani

Malkia alikuwa na kovu kwenye mdomo wa juu. Mwalimu wa sanaa aliliona alipokuwa akibandika michoro ya wanafunzi kwa ajili ya maonyesho ya kesho, akadhani mkaa wa kuchorea umeteleza. Akamtazama jemadari aliyekuwa pembeni. Kovu lile lile. Akamtazama mchoraji mashuhuri mwenye ndevu: kovu lile lile, na macho yale yale ya hasira.

Michoro thelathini na miwili ya watu wakubwa wa historia, na wote walikuwa na uso wa msichana mmoja.

"Nani kawafundisha kuigana?" aliwafokea wanafunzi waliobaki kumsaidia. "Kesho wageni wanakuja, mnaniletea upuuzi!"

"Hatujaigana, mwalimu," kiranja alisema kwa sauti ya chini. "Mkono ukifika usoni unakwenda wenyewe. Tulikwambia, ukasema ni visingizio."

"Tokeni!"

Wakatoka mbio. Mwalimu akachukua kifutio, akalifuta kovu la malkia. Likarudi. Akafuta tena kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika, na hapo ndipo aliposikia mkaa ukikwaruza karatasi, kwanza ukuta wa mbele, kisha nyuma yake, kisha kuta zote nne kwa pamoja, kwaru kwaru kwaru, kama darasa zima linachora kwa ghadhabu ilhali madawati yote yalikuwa matupu.

Mzee mfagiaji alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, karatasi umezitoa wapi?"

"Kabatini. Zilikuwa zimechorwa upande mmoja tu, nikaona zisipotee bure."

"Hebu geuza moja."

Akageuza. Nyuma ya malkia palikuwa na msichana mwenye kovu, amejichora mwenyewe. Chini yake, kwa wino mwekundu na mwandiko wa mwalimu: *Nimesema watu wakubwa. Wewe ni nani hata uchorwe?*

Akageuza ya pili, ya tatu. Msichana yule yule, wino ule ule. Mwaka mzima alimkataza, na mwaka mzima yule binti alijichora. Darasa lilikuwa likicheka. Likizo ilipokwisha hakurudi. Walisema homa imemchukua.

"Mwite kwa jina lake, umwombe radhi," mfagiaji alinong'ona. "Hataki kingine."

"Anaitwa nani?"

"Mimi nalijua. Alikuwa hapiti asubuhi bila kunisalimia. Lakini mimi sikumkosea, mama. Lazima litoke kwako."

Mwalimu akafumbua kinywa. Neno lililomjia ni lile alilokuwa akimwitia mbele ya wenzake.

"Kovu..."

Karatasi zote zikatikisika.

"Hilo si jina!" mzee alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali.

Mwalimu akatafuta kichwani, akatafuta, na kadiri alivyotafuta ndivyo vidole vyepesi vyenye harufu ya mkaa vilivyokuwa vikimpapasa paji la uso, taratibu, kama mtu anayefuta mchoro asioutaka.

Asubuhi kiranja alikuta kila mtu ukutani amerudishiwa uso wake: malkia umalkia wake, jemadari masharubu yake. Mwalimu alikuwa ameketi kitini, mzima, ameshika kalamu juu ya bango la kukaribisha wageni. Alikuwa ameandika "Imeandaliwa na", akaishia hapo.

"Shikamoo, mwalimu. Nikusaidie kumalizia?"

Mwalimu akamwangalia kwa adabu, kama mgeni aliyepotea njia.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Hivi mimi naitwa nani?"