Laini Iliyobaki Busia

Asubuhi mpaka wa Busia hauna adabu. Malori yananguruma, wabadilisha pesa wanakuita kama ndugu yao aliyepotea, boda boda zinapenya hata pale mbuzi angesita. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Fazila, dera la kijani, mtandio wa manjano, mkono mmoja juu na simu mkononi kama mtu anayeomba mvua.

"Dada, hapo utashika mtandao wa Uganda mpaka jioni," sauti ya kiume ikasema nyuma yake.

Aligeuka akaona kijana mrefu, shati la miraba lililopigwa pasi likanyooka, faili la karatasi za forodha kwapani.

"Na nikitaka Kenya nisimame wapi, boss?"

"Hapa kwa ukuta wa stoo ya saruji. Maajenti wote tunapigia simu hapa."

Fazila akasogea. Simu ikatetemeka, namba ya siri ya benki ikaingia. Akaiandika haraka, malipo yakapita. Alikuwa anaagiza abaya za Idd kutoka duka moja la mtandaoni ng'ambo, za kuuza dukani kwake mjini.

"Hiyo duka unaijua?" kijana akauliza.

"Naijua kwa picha. Lakini kadi yangu haikatwi bila code, na code inakuja kwa hii laini pekee. Nani ataniibia?"

"Mimi naogopa duka haina mlango."

"Basi wewe ni muoga."

"Sana. Hata sasa naogopa kukuuliza namba yako."

Fazila alicheka, na mwanamke akishacheka namba iko karibu. Wakati anamtajia, ukurasa wa duka ukamuuliza kama uhifadhi kadi yake kwa siku nyingine. Alibonyeza ndiyo bila kusoma. Macho yake yalikuwa kwa Jamiru, maana ndilo jina alilopewa, na mimi siwezi kumlaumu.

Mapenzi yakaota. Jamiru alikuwa ajenti wa forodha, leo Busia kesho Malaba, na kila alipokuwa alipiga simu.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nimekula rolex ya Uganda, chapati na mayai, na vumbi ya Kenya."

"Ukirudi nitakupikia samaki. Lakini uoge kwanza."

Sasa, watu wa mpakani wana desturi yao. Meseji za benki hukaidi ukishavuka, kwa hiyo anayekwenda Kampala huweka laini ya Uganda kwenye simu yake kubwa, na ile ya Kenya huiacha Busia, ndani ya kabambe, simu ndogo ya vitufe, mikononi mwa mtu anayemwamini. Meseji ikiingia, yule mtu anamsomea. Wengine huwaachia mama zao. Fazila, alipokwenda Kampala kununua vitenge, alimwachia Jamiru, na Maimuna, mama yake Fazila, pale mtaani Burumba alipoona hivyo alijua mambo yamefika mbali.

Fazila alirudi na mizigo yake, uso umechoka lakini wanja haujafutika. Jamiru alimpokea dukani, akamkabidhi kabambe.

"Naona umenunua Kampala nzima," alimtania. "Mara tatu pesa inakatwa kwa kadi. Nikasema huyu ananiandalia harusi."

Tabasamu la Fazila likafifia. "Kwa kadi? Jamiru, mimi Kampala nanunua na pesa mkononi. Siku zote."

Akafungua meseji. Zilikuwepo tatu, za kukatwa pesa, kutoka duka asilolijua. Akiba yake ya Idd ilikuwa imekwenda.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni wewe."

"Na code? Nani alisoma code?"

"Hakuna code iliingia."

Fazila alikaa juu ya robota la vitenge. Alizungumza polepole, na heri angepiga kelele. "Kadi hii haikatwi bila code. Code inakuja kwa laini hii. Laini ilikuwa na wewe. Sasa niambie, pesa imechukuliwa na jini?"

"Fazila, hakuna kitu iliingia."

"Ama uliisoma ukafuta."

 Jamiru alitaka kusema mengi, lakini alikuwa mtu wa kuumia kimya, tabia ambayo imewagharimu wanaume wengi. Akachukua faili lake, akatoka.

Ulimi hauna mfupa. Jioni ile Fazila alimlilia rafiki yake Trizah, mwenye kibanda cha viatu jirani, na Trizah hakuwa mbaya, ila alikuwa na wateja wengi. Kabla ya Ijumaa habari zilikuwa zimefika Malaba, kilomita thelathini, kwamba Jamiru anakula kadi za wanawake. Lisemwalo lipo, watu wakasema. Ajenti hana shamba wala kiwanda, ana jina tu, na mwenye lori hampi karatasi zake mtu anayeitwa mwizi. Wateja wake wakaanza kumwambia, "Boss, tutakupigia," na hawakupiga.

Fazila naye alipeleka malalamiko benki, na jina la Jamiru akalitaja. Usiku alilala na simu kifuani. Alikuwa amemkasirikia na alikuwa amemkosa, yote mawili pamoja, na hakujua lipi linamwumiza zaidi.

Kisha Elungat, afisa wa benki, akamwita ofisini.

"Madam, tumefuatilia. Hizo pesa zilikatwa bila code."

"Haiwezekani. Kila nikilipa mnaniuliza code."

"Duka ndiyo inaitisha code. Kuna zingine za ng'ambo haziitishi. Mtu akiwa na namba za kadi na zile tatu za nyuma, anakata tu. Uliwahi kuhifadhi kadi yako mahali?"

Fazila akaona ukuta wa stoo ya saruji, na kidole chake kikibonyeza ndiyo kwenye duka la abaya.

"Kwa hivyo hakuna code ilitumwa?" aliuliza, sauti ndogo.

"Hata moja. Tumefunga hiyo kadi, pesa tutaiulizia, lakini siwezi kukuahidi. Na hili jina uliandikisha hapa, Jamiru, nilifute?"

"Lifute," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya foleni nzima.

Kesho yake alivaa lile dera la kijani akaenda Malaba. Malori yalikuwa yamepangana hadi nje ya mji. Alimkuta Jamiru kwenye kibanda cha Leonida cha chai, peke yake mezani, madereva na maajenti wamejaza meza nyingine. Shati la miraba halikuwa na pasi.

Fazila hakumwendea. Alisimama mlangoni.

"Samahani wazee, samahani mama," alisema, na Leonida akaacha chapati kwenye moto. "Mimi ni Fazila, mwenye duka la nguo Busia. Ni mimi nilisema Jamiru ameniibia. Nilikosea. Benki imesema laini yangu aliitunza vizuri. Mwizi hakupitia kwake, alipitia kwangu. Mkiwa na kazi, mpeni."

 Dereva mmoja mzee akakohoa. "Jamiru, ile karatasi yangu bado iko na wewe?"

"Iko, mzee."

"Basi kesho tuonane."

Jamiru na Fazila wakatoka nje, wakasimama kwenye kivuli cha lori.

"Hukuhitaji kuja mpaka hapa," Jamiru alisema.

"Nilikuchafulia jina kwa watu. Ningekuomba msamaha kwa simu?"

"Uliniumiza, Fazila."

"Najua. Mimi pia nimeumia, lakini mimi nilijichoma mwenyewe." Akatoa kabambe kwenye mkoba. "Wiki ijayo navuka. Nakuomba unishikie."

Jamiru hakuipokea. "Sishiki laini ya mtu tena. Watu wakisema, nakosa la kujibu. Nikiishika, nishike nikiwa mchumba wako."

Fazila aliangalia chini, akaangalia juu, akakumbuka kwamba ana mdomo. "Na wazee wako hawajui njia ya Burumba?"

"Wanaijua."

"Basi watume Jumapili. Na wewe upige shati pasi."

Wazee walikuja, Maimuna akawapikia pilau, na posa ikapokelewa. Wiki ile Fazila akamwachia Jamiru kabambe, akavuka, mikono ina hina mpya. Akiwa kati ya marobota ya Kampala alimpigia simu.

"Kuna kitu imeingia?"

"Hakuna kitu iliingia."

"Sawa, mpenzi," akasema, akaendelea kuchagua vitenge. Hakuuliza mara ya pili.