Harufu ya Oili ya Gia

Tsofa alikuwa dereva wa lori, na alikuwa na wivu kupita kiasi. Mkewe Nyevu akicheka na muuza maji tu, Tsofa hali chakula.

Siku moja alirudi nyumbani Chaani mapema. Nyevu hakuwepo. Alipokuja jioni, Tsofa alimshika mkono, akaunusa. Haikuwa harufu ya mafuta ya kupikia, wala dizeli. Ilikuwa oili ya gia. Dereva hakosei hapo.

"Ulikuwa wapi, Mama Sidi?" alimuuliza mkewe.

"Sokoni."

"Soko gani linauza oili ya gia?"

Nyevu alikwenda kunawa mikono. Moyo ulimchoma Tsofa. Ana bwana, aliwaza, tena makanika! Nitamrudisha kwao.

Kesho yake hakwenda kazini. Alimfuata Nyevu kwa mbali mpaka chuo cha ufundi. Ndani ya karakana aliona miguu chini ya lori. Viatu vile alivinunua yeye.

"Toka hapo! Na huyo bwana wako atoke!"

Nyevu alitoka peke yake, uso umejaa oili. Wanafunzi waliangua kicheko.

"Karibu, baba," alisema mwalimu wao, Mueni. "Mkeo anasomea umakanika."

"Na umri huu? Aliishia darasa la sita!"

"Hapa hatuangalii umri. Kuna kozi za wasiofika sekondari. Wanajifunza kwa mikono, wanafanya mtihani, wanapata cheti. Kwa cheti mtu huajiriwa, au hufungua gereji yake."

Tsofa alimgeukia mkewe. "Mbona ulinificha?"

"Ungenikataza. Ungesema nitakaa na wanaume."

Tsofa alitaka kubisha, lakini ilikuwa kweli. Akaona haya. Kisha wivu mwingine ukampanda.

"Mimi nimefungua giaboksi miaka mingi. Mbona sina cheti?"

"Njoo upimwe," alisema Mueni. "Anayejua kazi bila kusoma anapimwa pia. Penye upungufu, tunamfundisha."

Tsofa alijiandikisha. Ikawa wanaondoka nyumbani pamoja, na kurudi pamoja wakinuka oili.

Leo wana gereji yao Changamwe, vyeti viwili ukutani. Lori likiharibika, dereva huita, "Fundi!" Tsofa hukimbia na spana mkononi.

"Si wewe," huambiwa. "Namtaka mama."

Tsofa hununa. Kisha huchukua tochi, akaenda kummulikia mkewe.