Taarifa ya Mrushaji wa Kwanza

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, mashine ya kupaka mafuta ilifika mwisho wa njia ya nane ya ukumbi wa bolingi, ikazimwa. Fundi aliifunika kwa turubai, akafuta mikono kwa tambara, kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Haya, wenye viatu visafi waingie! Wenye matope wabaki hukohuko wakayasalimie!"

Watoto waliingia wakicheka. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka kumi na miwili ambaye ukumbi mzima ulimwita Nukta. Sakafuni, mahali mchezaji anapoanzia hatua zake, palichorwa nukta nyeusi za kumsaidia kujua pa kusimama. Wenzake walikuwa wakihamahama. Yeye, tangu siku ya kwanza, alisimama kwenye nukta ileile, na kumwondoa hapo ilikuwa kazi.

Ukumbi ule haupo tena. Jengo lipo, ila ndani mnauzwa magodoro. Lakini aliyewahi kucheza pale hasahau harufu yake: mafuta ya njia, nta ya sakafu, na ngozi ya viatu vya kuazima vilivyovaliwa na nusu ya mji. Hasahau ngurumo ya tufe zito likibingirika juu ya mbao, kisha kimya kifupi, kisha kishindo cha pini. Jumamosi zilikuwa ndefu wakati huo, na hakuna aliyeona haraka ya kurudi nyumbani.

Bolingi ni mchezo rahisi kuueleza. Mwisho wa njia husimamishwa pini kumi. Mchezaji hubingirisha tufe ili aziangushe zote, na zikibaki hupewa nafasi ya pili. Kinachosumbua ni mafuta. Njia hupakwa mafuta mepesi ambayo macho hayayaoni vizuri. Penye mafuta, tufe huteleza. Yanapokauka, tufe hushika mbao na kupinda mapema kuelekea kushoto, kwa anayerusha kwa mkono wa kulia. Kila tufe linalopita huondoka na mafuta kidogo, kwa hiyo njia ya asubuhi siyo njia ya adhuhuri. Ndiyo maana timu humsikiliza sana mrushaji wake wa kwanza. Akirudi kwenye benchi huwaambia wenzake njia inafanya nini, nao husimama kulingana na neno lake.

Kwa miaka mitatu mrushaji wa kwanza alikuwa dada yake Nukta. Nukta alikuwa akiketi benchi la nyuma, miguu haijafika chini, akimtazama dada akirudi huku akipangusa viganja kwenye suruali na kutoa taarifa yake kwa maneno machache. Kisha dada alikwenda kusoma chuo katika mji wa mbali. Nukta akarithi kitanda cha dirishani, na baada ya muda akarithi pia nafasi ya mrushaji wa kwanza. Kitanda alikizoea upesi. Nafasi ile ilimkosesha usingizi.

"Usitetemeke," alisema Kinanda alipokuwa akifunga kamba za viatu. Kinanda aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kurusha tufe bila kuimbaimba puani. "Rusha tu kama dada yako. Enzi zake tulikuwa tunakaa hapa tumetulia, si ndiyo?"

"Enzi zake nilikuwa na nywele ndefu," alidakia Nahodha, mvulana wa miaka kumi na minne aliyerusha wa mwisho. "Acheni habari za enzi. Tucheze."

Wa tatu katika timu alikuwa mvulana mwembamba aliyeitwa Pole, kwa kuwa kila alipoangusha pini alizitupia neno: "Poleni." Mwalimu wao alikuwa shangazi yake Nukta, muuguzi wa hospitali, aliyefundisha watoto kila mwisho wa wiki ambao hakuwa zamu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliketi pembeni na chupa yake ya chai, akitazama.

Mashindano ya siku hiyo yalikuwa hivi: kila timu ingecheza michezo mitatu asubuhi kwenye njia yake, na timu mbili zenye pini nyingi zaidi kati ya nane zingekutana kwenye fainali mchana. Timu ya kina Nukta haikuwa imewahi kufika fainali tangu dada aondoke.

Michezo miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Nukta alisimama kwenye nukta yake, tufe likateleza, likapinda mahali pake, pini zikaanguka. "Njia iko sawa," aliwaambia wenzake kila mara, nao walirusha wakiwa na imani. Mwisho wa mchezo wa pili walikuwa nafasi ya pili, nyuma ya timu ya fulana za njano waliokuwa njia ya jirani.

"Hata dada yako angefurahi," Kinanda alisema. "Yule alikuwa hakosi. Hakosi kabisa!"

Maneno hayo yalisemwa kwa wema, lakini Nukta aliyabeba kama mzigo hadi kwenye raundi ya tatu, kati ya kumi za mchezo wa tatu. Alipofika kwenye mstari, mkono wake ulivuka mbele ya kifua badala ya kwenda mbele. Alijua hata kabla tufe halijaondoka kidoleni. Lilikimbilia kushoto, likagonga pini tatu za pembeni. La pili liliongeza moja tu.

Aligeuka. Kinanda alikuwa akifuta tufe lake. Pole alikuwa akinywa maji. Nahodha alikuwa akivuta ulimi wa kiatu. Hakuna aliyeuona mkono wake. Walichoona ni tufe lililokwenda kushoto, na tufe huenda hivyo pia njia inapokauka.

"Imekuwaje?" Nahodha aliuliza.

"Njia imekauka," Nukta alijibu. "Linashika mapema. Sogeeni kushoto."

Mtu akisogea kushoto na kulenga palepale, tufe lake hupitia upande wa kulia zaidi. Njia ikiwa imekauka, hilo ndilo jambo la kufanya, kwa sababu tufe litarudi lenyewe. Lakini mafuta yalikuwa bado yapo. Kinanda alisogea, akaimba puani, akarusha. Tufe liliteleza kulia halikurudi, likaangusha pini mbili. Wimbo ukamkatikia. Pole alisogea pia, tufe lake likatumbukia katika mfereji wa kando ya njia, na safari hiyo hakuwa na wa kumwambia pole. Nahodha aliangusha nne.

"Nyie!" aliita mvulana mmoja wa fulana za njano. "Mnacheza bolingi au mnazibua mifereji?"

"Zibua masikio yako kwanza," Kinanda alimjibu. "Wanakuita urushe huko!"

Raundi iliyofuata Nukta alijikuta katika mtego wake mwenyewe. Akisimama kwenye nukta yake, wenzake watauliza mbona yeye hasogei. Kwa hiyo alisogea, kwa mara ya kwanza tangu aanze mchezo huo, naye pia tufe lake likapita kulia. "Bado linababaisha," alisema, akaketi bila kumwangalia mtu usoni.

Baada ya hapo timu ilivurugika. Kinanda alirudi kidogo kulia, Nahodha akasogea zaidi kushoto, kila mmoja akijaribu lake. Jina la timu yao kwenye ubao wa matokeo liliteremka hadi nafasi ya nne. Walipomaliza raundi ya sita, Pole aliweka tufe lake chini na kuanza kufungua kamba za viatu.

"Unakwenda wapi?" Nahodha aliuliza.

"Muiteni mchezaji wa akiba." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Njia imekauka, nimesogea kama nilivyoambiwa, na bado nakosa. Maana yake mimi ndiye mbovu. Nawaharibia."

"Hujaharibu kitu, Pole."

"Nimeharibu. Hesabu mnaiona."

Nukta aliitazama ile kamba ikifunguka. Angeweza kunyamaza. Akiba angeingia, mchezo ungeisha, na hakuna ambaye angejua. Lakini Pole alikuwa akivua kiatu kwa kosa ambalo halikuwa lake.

"Funga kiatu," alisema. "Njia haijakauka."

"Sema tena?" Kinanda aligeuka.

"Njia ni nzima. Raundi ya tatu mkono wangu ulivuka, nikavuta tufe. Niliona aibu, nikasingizia njia. Nyinyi mlikuwa mnarusha vizuri. Mmekosa kwa sababu yangu."

Njia ya jirani pini zilianguka kwa kishindo, watu wakapiga makofi.

"Umetutembeza kama vipofu," Nahodha alisema polepole. "Raundi nne, Nukta!"

"Najua."

"Aibu ya nini? Nani angekupiga?"

"Mngesema dada asingekosa."

Nahodha alimwangalia Shangazi, lakini Shangazi alikuwa akimimina chai, wala hakuinua macho. Basi Nahodha akashusha pumzi na kusema, "Ugomvi tutaumalizia nje. Sasa kila mtu arudi alipokuwa amesimama mchezo wa pili. Pole, kiatu!"

Walirudi. Nukta alisimama kwenye nukta yake, akaangusha nane, kisha mbili zilizobaki. Kinanda aliangusha tisa. Pole, kiatu kimoja kikiwa kimefungwa ovyo, aliangusha zote kumi kwa mara moja, akaziambia "Poleni sana" kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Jina lao likapanda hadi nafasi ya tatu.

Katika raundi ya tisa jambo jipya lilitokea. Nukta alirusha, na mkono ulikwenda sawa; aliufuata kwa macho hadi mwisho. Tufe lilianza vizuri, kisha katikati ya njia likashika mbao, likapinda mapema, likaangukia upande wa kushoto. Pini tano. La pili lilifanya vivyo hivyo. Asubuhi nzima ya matufe ilikuwa imekomba mafuta. Sasa njia ilikuwa imekauka kweli.

Alirudi kwenye benchi akijua jinsi maneno yake yangesikika.

"Njia imebadilika," alisema. "Linashika katikati. Inabidi kusogea kushoto."

Kinanda alisimama na tufe mikononi, hakwenda. "Mkono au njia?"

"Njia. Mkono umekwenda sawa."

"Na tukisogea likatoka kulia tena, ndiyo basi. Hakuna raundi za kurekebisha." Alimgeukia Shangazi. "Shangazi, wewe umeona?"

"Mimi sikurusha," Shangazi alisema. "Aliyerusha ameshatoa taarifa."

Kinanda alimtazama Nahodha. Nahodha alimtazama Nukta kwa muda, usoni safari hii, naye Nukta hakuyakwepa macho yake.

"Sogea," Nahodha alisema.

Kinanda alisogea mbao mbili kushoto. Akaanza kuimba puani, chinichini, akarusha. Tufe lilikwenda kulia, kulia zaidi, likaelekea mferejini kabisa. Pole akaziba macho. Kisha likashika, likapinda, na kuingia katikati ya pini. Zote zikaanguka. Pole naye alisogea, kisha Nahodha, na katika raundi ya kumi hata Nukta aliihama nukta yake, safari hii kwa sababu ya kweli. Walimaliza wakiwa nafasi ya pili, wakiipita timu ya tatu kwa pini sita.

Wakati wa mapumziko fundi alizipaka njia mafuta upya. Timu iliketi kwenye ngazi za nje, wakila mikate na mayai ya kuchemsha. Hakuna aliyeanzisha ule ugomvi ulioahirishwa. Mwishowe Nukta alisema, "Nahodha, kama unataka mwingine aanze fainali, sawa."

"Kabla hajajibu," Shangazi alisema, "nisikilizeni. Mnamkumbuka dada yake kama mtu asiyekosa. Mimi nilikuwapo. Alikuwa akikosa kila Jumamosi, na siku nyingine vibaya. Ila akikosa alisema amekosa, kwa hiyo kosa lake liliishia kwake. Nyinyi mmesahau makosa kwa sababu hayakuwagharimu."

Kinanda alikuna kichwa. "Ni kweli, lo! Siku ile alirusha likaenda njia ya jirani!"

Walicheka wote, hata Nukta, akilikumbuka tufe lile na dada aliyeshika kichwa.

"Mimi naingia zamu saa moja asubuhi," Shangazi aliendelea. "Muuguzi anayetoka ananiambia mgonjwa huyu amepewa dawa, yule bado. Mimi sikuwapo usiku. Nafanya kazi kwa neno lake. Akisahau dawa akaniambia amesahau, tunarekebisha. Akificha ili aonekane hodari, mgonjwa ndiye anayeumia. Kukosea kunamtokea kila mtu anayefanya kazi. Ukisema ukweli, kosa linabaki dogo. Ukilifunika, unawapa wenzako walibebe bila wao kujua. Nukta, leo ulichelewa kusema, lakini ulisema, na ulisema wakati ambapo ungeweza kunyamaza. Basi. Nahodha, jibu."

Nahodha alimeza yai lililobaki. "Nukta anatangulia," alisema. "Kama kawaida."

Fainali ilianza saa nane mchana. Fulana za njano walikuwa njia ya kwanza, wao njia ya pili. Mafuta yalikuwa mapya, na hakuna aliyejua yangefanya nini. Nukta alisimama kwenye nukta yake, akatembea, akarusha. Pini saba. Tufe la pili lilichukua mbili, ikabaki moja imesimama peke yake pembeni.

Alirudi kwenye benchi. Wote watatu walikuwa wakimtazama.

"Njia iko sawa kama mchezo wa kwanza," alisema. "Nimechelewa kuliachia mimi. Msinifuate."

Kinanda aliinuka na tufe lake. Alisimama pale aliposimama mchezo wa kwanza, bila kusogea hata ubao mmoja, akaanza kuimba puani. Akarusha. Pini zote kumi zilianguka.